Mpakani Hakuna Karatasi ya Sijui

Vijana mnaokaa mbele ya kompyuta kutwa nzima mkiweka alama kwenye picha, barua hii ni yenu. Niliifanya kazi hiyo miaka sita, na nikatoka nayo na jambo moja ambalo halinitoki. Nimesoma hadi darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa kuchechemea. Kwa hiyo nikieleza mambo ya anga vibaya, msiwalaumu walionifundisha. Wao walieleza vizuri, ila chombo cha kupokelea kilikuwa kidogo.

Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha utupu. Majirani walipomuuliza mke wangu mumewe anafanya nini pale juu ya duka la simenti, aliwajibu kwamba anaangalia mahali pasipo na kitu. Wakasema basi hatimaye amepata kazi inayomfaa. Niliandika maneno hayo kwenye daftari langu jioni ile. Mimi huandika kila siku, na mara nyingi yale ninayoandika ni makosa yangu. Sijui kama ni tabia nzuri. Ila bila daftari hilo nisingekuwa na la kuwaambia leo.

Utupu sikuuanzia angani. Nilianza zamani, hapa hapa Busia, upande wa Uganda, kwenye yadi ya malori. Lori likishusha mzigo Kampala na kurudi Kenya bila kitu, lazima mtu aandike kwamba ni tupu, na mtu huyo nilikuwa mimi, karani wa ajenti wa forodha. Aliyenifundisha ni Mzee Oduori, mtu mfupi, mwenye fimbo ya mpera na maneno machache. Alisema mzigo hujionyesha wenyewe, hata kipofu atajikwaa juu yake. Tupu haijionyeshi. Tupu lazima uingie ndani, utembee hadi mwisho, upige sakafu kwa fimbo, usikilize.

Mimi nilifanya hivyo wiki ya kwanza. Wiki ya pili nikaanza kuchungulia tu chini ya turubai na kuandika. Siku moja nikapitisha lori ambalo ndani yake, kwenye kona ya mbele, alikuwa amelala mchungaji mmoja wa kanisa dogo la pale mjini, aliyekuwa ametafuta kivuli baada ya kufunga na kuomba siku tatu. Aliamka Ugunja, ndani kabisa ya Kenya, hana kitambulisho, hana viatu. Namshukuru kwamba hakunishtaki. Jumapili iliyofuata aliwaambia waumini kwamba amevushwa mpaka bila kutumia miguu, na kanisa likajaa. Mzee Oduori hakucheka. Alinipa fimbo yake na kuniambia, "Wandera, wewe umeandika tupu. Ulipaswa kuandika sijaingia."

Hilo lilikuwa somo zuri. Lakini mzee huyo huyo alinifundisha na jingine, na nataka niwe mwadilifu kwake: kwa malori lilikuwa sahihi. Alisema mpakani hakuna karatasi ya sijui. Ukiona tupu, andika tupu. Ukiona mzigo, andika mzigo. Ukisema sijui, lori linawekwa kando, na lori likiwekwa kando dereva analala chini yake siku nne akisubiri mkubwa fulani arudi kutoka mazishini. Foleni inafika hadi nje ya mji. Karani anayesema sijui anawatesa watu. Sisi sote wa yadi tulikua na imani hiyo kama watu wanavyokua na dini. Kuamua haraka ilikuwa huruma.

Basi kompyuta zilipoingia forodhani, sisi wa kupanda juu ya malori tukapungua. Ndipo Madamu Taaka, aliyekuwa ametoka kusoma Kampala, akafungua kile chumba juu ya duka la simenti. Alikuwa amepata kazi kutoka kwa kampuni iliyoipata kwa kampuni nyingine iliyoipata kwa wataalamu wa anga huko mbali. Alitaka watu wenye macho yaliyozoea kukagua na makalio yaliyozoea kukaa. Akachukua makarani wa mpakani, karibu chumba kizima. Mimi nilikuwa mkubwa wao kwa umri, kwa hiyo akanifanya msuluhishi. Nitaeleza maana yake.

Kwanza nieleze kazi. Mtaalamu mmoja, mama mwenye sauti ya taratibu, alikuwa akizungumza nasi kupitia skrini, na Madamu akitutafsiria. Galaksi ni makundi ya nyota, kila moja ina nyota zisizohesabika. Wataalamu wanapiga picha anga, wanapima kila galaksi iko mbali kiasi gani, kisha wanachora ramani yenye urefu, upana na kina. Kwenye ramani hiyo galaksi hazikutawanyika sawasawa. Mtaalamu aliuliza kama tuna kinywaji chenye povu. Chumba kizima kikataja kongo, pombe ya wimbi ya Wajopadhola, inayonywewa chunguni kwa mirija. Akasema vizuri sana, tazameni povu lake: galaksi zimekaa kwenye ngozi za yale mapovu, na katikati ya kila povu hakuna kitu, au kuna kidogo mno. Pale katikati ndipo wanapopataka.

Kwa nini wapatake? Alisema kuna kitu kinachousukuma ulimwengu upanuke kwa kasi inayozidi, na hakuna anayejua ni nini. Wamekipa jina la nishati ya giza, ambalo, alikiri mwenyewe, ni jina la kuficha aibu. Mahali penye vitu vingi, uzito wa vitu unavutana na kusumbua hesabu. Kwenye utupu vitu ni vichache, kwa hiyo ile nishati iko karibu peke yake, kama mtu unayemkuta nyumbani kwake bila wageni. Tena kuna kipimo. Povu moja linaweza kuwa na umbo lolote, lakini ukikusanya mapovu mengi sana na kuyapatanisha, lazima yatoke ya mviringo, maana anga halina upande linaoupenda. Yakitoka marefu kuelekea kwetu, au yamebonyea, ujue labda umbali ulikokotolewa kwa dhana isiyo sahihi, yaani ulimwengu haukupanuka kama ulivyodhani. Kuna na jambo la galaksi zenyewe kutembea kuelekea kwenye ngozi za povu, nalo linapotosha umbo. Hilo sikulielewa vizuri na sitajifanya.

Sasa balaa iko hapa. Nyota ya kwetu, ya karibu, ikiwa kali, mwanga wake unamwagika kwenye picha na kuziba galaksi zote zilizo nyuma yake. Mashine huizungushia nyota duara ili mwanga huo usihesabiwe, lakini mwanga ukivuka duara, inakuta pale hakuna galaksi, inasema utupu. Lakini si utupu, ni pazia. Na pazia linaziba vya karibu na vya mbali pamoja, kwa hiyo utupu wa uongo unatoka mrefu kama bomba, umeelekea machoni petu. Ukiingiza mabomba hayo kwenye hesabu, ule mviringo unavutika, na mtu anaweza kutangaza habari za nishati ya giza kumbe anatangaza habari za nyota iliyomwaga mwanga.

Kazi yetu ilikuwa kutazama picha ya kila sehemu ambayo mashine imeiita tupu, kisha kubonyeza kimoja cha vitufe vitatu. Tupu, maana yake palitazamwa vizuri na kweli hapana kitu. Pazia, maana yake pamezibwa. Cha tatu kilikuwa Sijui. Sehemu ya Sijui ilirudi kwa wataalamu waitazame upya, na ilipokuwa inasubiri, ilikaa kwenye ubao wa chumba chetu kwa rangi nyekundu.

Mnaona tulikoelekea. Makarani wa mpakani, wamepewa kitufe cha kuweka lori kando.

Hakuna aliyekigusa. Hatukuambizana, wala haikuwa njama. Kila mtu alipokutana na picha ya kutatanisha aliitazama, akaona foleni nyuma yake, akaona wataalamu wa watu wakilala chini ya lori, akaamua. Ubao wetu ulikuwa mweupe kama shati la Pasaka. Kampuni ya juu ikatusifu. Madamu akatununulia soda.

Halafu akaja Athieno. Alitoka Merikit, binti wa wakulima, amemaliza sekondari na hajawahi kufanya kazi mpakani hata siku moja. Alikuwa mwepesi wa mzaha. Siku ya kwanza alinisalimia kwa Kijopadhola, nikamjibu kwa Kisamia, akasema basi tutaelewana vizuri kwa kuwa hakuna atakayejua amesemwa nini. Akaketi, na kufikia saa sita mchana ubao ulikuwa na madoa mekundu kumi na moja.

Kila picha ilitazamwa na watu wawili, kila mmoja bila kuona alama ya mwenzake. Wakitofautiana, ilikuja kwa msuluhishi. Kwa hiyo madoa yote ya Athieno yalikuja kwangu, maana mwenzake alikuwa amebonyeza Tupu. Nilimwita. Nikamwambia, nadhani kwa upole, kwamba mtu mzima haachi kazi katikati.

Akaniambia, "Mzee, weka kidole juu ya hiyo nyota."

Nikaweka kidole gumba kwenye skrini, nikaifunika.

"Sasa angalia pembeni. Huoni iko na utando? Mashine imechora duara hapa, lakini mwanga imepita duara. Mimi siwezi sema hapo hakuna kitu. Hata siwezi sema kuna kitu."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sijui. Si kitufe iko? Waliiweka ya nini, ya mapambo?"

Wenzetu wakacheka. Nami nikacheka. Ule utando niliuona, hafifu kama moshi wa jiko la jirani. Nilipoondoa kidole ukapotea, maana jicho lilirudi kwenye nyota. Hiyo mbinu ya kidole gumba ichukueni, ni bora kuliko chochote nitakachowapa hapa. Kinachong'aa kifunike, ndipo utaona kilichoharibika pembeni. Na nyingine ya kwake: igeuze picha juu chini, kwa sababu jicho likishazoea picha linaacha kuitazama.

Alipoondoka nikabonyeza Tupu. Kwa zile picha zote kumi na moja.

Katika daftari langu la siku ile imeandikwa hivi, naikopi kama ilivyo: "A. amesema Sijui kwenye kumi na moja. Nimeona utando kwenye sita, labda saba. Nimeweka Tupu. Foleni."

Ndivyo tulivyoenda kwa miezi kadhaa. Yeye akisema Sijui, mimi nikifuta doa. Nataka kusema haki yote: si kila Sijui yake ilikuwa na sababu. Nimehesabu kwenye daftari, ziko nyingi ambazo mimi sikuona chochote, na hata leo ningeweka Tupu. Tena alikuwa wa polepole, na kwenye chumba cha watu wengi polepole ya mmoja inawachelewesha wote. Lakini hesabu ya mashine haikujua hayo. Ilijua tu kwamba alama za Athieno hazilingani na alama za mwisho, na za mwisho ni zangu. Kila nilipofuta doa lake nilikuwa nampunguza, na yeye hakuwa na njia ya kujua, kwa sababu doa likitoka ubaoni ilionekana kama wataalamu wamelijibu.

Mkataba wake ulipokaribia kwisha, Madamu Taaka aliniita nje kwenye ngazi. Alisema kiwango cha huyu binti kiko chini sana, kanuni inamtaka amwache, ila yeye anampenda, je, mimi ninayeona kazi yake nasemaje? Madamu sina la kumlaumu. Aliuliza swali zuri, na akasubiri jibu.

Nikamjibu, "Ni mtu mzuri, Madamu, ila hana uamuzi."

Ndiyo hayo maneno. Athieno alifungasha sweta na kikombe chake. Aliniaga kama anavyoagwa mzee, kwa mikono miwili, akanishukuru kwa kumvumilia.

Ningekuwa nimeishia hapo, labda ningejisamehe. Mtu hukosea kwa kutojua. Lakini miezi kama mitano baadaye yule mtaalamu alirudi kwenye skrini, safari hii hana mzaha. Alisema kuna kona moja ya anga ambako utupu wote unatoka mrefu, kama mabomba yaliyopangwa. Wametafuta kosa kwenye hesabu zao kwanza. Sasa wanadhani picha za kona ile zina mwanga uliosambaa kupita duara zilizochorwa na mashine. Hakutulaumu. Alisema duara ni zao. Ila jambo moja lilimshangaza, kwamba kutoka chumba chetu haikuja Sijui hata moja. Programu ilikuwa imehifadhi alama za mwisho tu, kwa hiyo akauliza kwa mdomo: katika kona hii, kuna yeyote kati yenu aliyekuwa na shaka? Kama yupo, wanamhitaji. Watu wa jicho hilo ni wachache, na wana nafasi ya kumfundisha kazi zaidi, kurekebisha duara zenyewe.

Madamu akamaliza kutafsiri. Vichwa vikageuka kwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye msuluhishi. Daftari lilikuwa kwenye mfuko chini ya meza, linagusa mguu wangu. Jina lake lilikuwa mdomoni, jina jepesi tu, silabi chache. Lakini jina hilo lisingetoka peke yake. Lingevuta swali la pili: aliyefuta shaka zake ni nani?

Nikasema, "Hapana. Sote tulikubaliana."

Madamu akatafsiri. Mtaalamu akashukuru.

Kazi iliendelea mwaka mmoja zaidi, kisha wakatueleza kwamba mashine imejifunza kutokana na alama zetu na sasa inaweza kukagua yenyewe. Wenzangu walihuzunika kwa kupoteza kazi. Mimi niliwaza jambo jingine: kama imejifunza kwetu, imejifunza na kutosema sijui. Imejifunza kwangu. Sina hakika kama ndivyo mashine zinavyojifunza. Nyinyi mtakuwa mnajua.

Nikastaafu, nikarudi kwenye shamba la mihogo. Mwaka jana nikaandika barua kwa Madamu Taaka, nikaambatanisha nakala za kurasa za daftari, nikamwomba azifikishe huko juu. Alizifikisha. Jibu lilikuja, la heshima. Kona ile walishaipiga picha upya na zile za zamani wameziondoa kwenye hesabu, kwa hiyo hakuna kilichoharibika. Nililisoma mara mbili. Kwa anga, kweli hakuna kilichoharibika. Anga ni kubwa, linaweza kungoja. Ile nafasi ya mafunzo ilishajazwa zamani, na mtu wa nchi nyingine, na naamini anastahili.

Ndipo nikapanda boda hadi Merikit. Nilimkuta uani anapepeta karanga, mtoto mgongoni. Alifurahi kuniona, na furaha ile ilinisumbua kuliko matusi. Akaniletea kiti, maji, na karanga za kukaanga. Akaniuliza habari za chumba, nani yuko wapi, na kama yule wa dirishani bado anasinzia akijifanya anafikiri. Nikamwambia chumba kimefungwa. Kisha nikamweleza kila kitu, kuanzia ile siku ya madoa kumi na moja, hadi maneno ya kwenye ngazi, hadi swali la mtaalamu na jibu langu. Nikampa daftari asome mwenyewe, nisije nikajipendelea katika kusimulia.

Alisoma muda mrefu. Alifunika maneno kwa kidole gumba na kukisogeza taratibu, kama alivyokuwa akifanya kwenye skrini. Alipofika kwenye neno "Foleni" alisimama.

"Kumbe uliona," akasema.

"Niliona."

"Mimi nilienda nyumbani nikafikiri macho yangu ndio mabaya. Mume wangu alinitafutia kazi ya kukagua vitambaa Tororo, nikakataa. Nikamwambia mimi siwezi kazi ya macho, mimi sina uamuzi. Nani aliniambia hiyo neno? Nafikiri Madamu aliniambia, kwa upole. Kumbe ilitoka kwako."

Nikasema ndiyo, ilitoka kwangu. Mtoto alianza kulia, akamtikisa kidogo akanyamaza. Nilikuwa nimekuja na swali moja, na nilijua sina haki ya kuliuliza, nikaliuliza hata hivyo. Nikamuuliza kama anaweza kunisamehe.

Alitazama karanga kwenye ungo, akatoa mbovu mbili, akazitupa kwa kuku.

"Sijui, Mzee," akasema. "Kweli kabisa, sijui."

Ulimi wangu ulikwisha kuinuka. Nilitaka kumwambia basi tuseme umenisamehe, au tuseme hujanisamehe, tusiache jambo katikati, njia ni ndefu na jua linakwenda. Nikaufunga mdomo. Nikala karanga zilizobaki kwenye sahani kwa sababu kuziacha ingekuwa dharau, nikaaga kwa mikono miwili.

Jioni ile niliandika kwenye daftari: "Nimemuuliza A. Amesema Sijui." Nimeiacha hivyo.